Kahawa Iliyolala Nyumba ya Wanaume

Mke mwenzangu Rosvita ni mtu wa kuudhi. Nalisema mapema, asije mtu akadhani nimekaa hapa kumsifu. Akisikia nimemsifu atashuka kuniuliza nataka kuazima nini. Yeye ni mke mkubwa, mimi ni mdogo. Yeye Mkatoliki, mimi Mlutheri, na mume wetu Kaupa ni wa kanisa lolote linalochinja nguruwe Jumapili hiyo. Nyumba ya Rosvita iko juu kwenye mteremko, yangu iko chini, na katikati yetu kuna miti ya kahawa ambayo Kaupa aliipanda akiwa kijana na hakuigusa tena.

Kaupa halali kwangu wala kwa Rosvita. Analala nyumba ya wanaume, kama alivyolala baba yake, pamoja na ndugu zake, ngoma zao, manyoya yao ya kuvaa siku za michezo, na moto ambao tangu niolewe sijasikia umezimika. Mwanamke haingii humo. Mimi sijawahi hata kutamani. Nguo zinazotoka humo nazifua mimi, kwa hiyo hakuna jipya ningeliona.

Sasa Rosvita na kahawa yake. Huku kwetu milimani, juu ya mji wa Kundiawa, mtu akiingia shambani anavuta tawi lote kwa mkono mmoja, nyekundu, njano, kijani, vyote mkobani, kwa sababu lori la barabarani linapima uzito, halipimi rangi. Rosvita hapana. Anachuma nyekundu tupu. Mti mmoja anaurudia mara tatu, mara nne kwa msimu, na kila tunda analigeuza kwanza kulitazama nyuma.

"Mama Klara," nilimwambia siku moja, mgongo ukiniuma kwa kumsubiri, "unachuma kahawa au unachagua mchumba?"

"Mchumba ningemchagua hivi," akasema, "nisingekuwa hapa na wewe."

Nilicheka, sikupenda kucheka, lakini nilicheka.

Na sio kuchuma tu. Kumenya anamenya siku ileile, hata mvua inyeshe. Kuvundika anavundika kwa kunusa, anaingiza mkono kwenye ndoo na kuutoa na kuunusa mbele za watu. Kuosha anaosha kwa maji ya chemchemi, anayapandisha mwenyewe. Kwa hayo yote alikuwa analipwa sawasawa na jirani yetu ambaye huanika kahawa yake barabarani, juu ya lami, mbuzi wanapita na magari yanapita.

Nimesema analipwa, nimekosea. Analipwa Kaupa. Lori likipiga honi kule barabarani, sisi tunabeba magunia mpaka chini, Kaupa ananawa uso, anavaa kofia, anakwenda kusimama kando ya mizani. Mizani yenyewe ni ya kustaajabisha. Bomai, ndugu yake Kaupa, alisimama juu yake siku moja kwa mzaha, akajikuta amekonda nusu ya mwili. Alirudi nyumbani ana wasiwasi, akataka kujua kama tumemwona anaumwa. Tulimwambia hapana, kaka, umeuzwa tu kama kahawa.

Hayo tulishayazoea. Lililokuwa linamla Rosvita lilikuwa jingine, nalo lilikuwa binti yake, Klara.

Klara aliolewa ng'ambo ya mto, kwa mtu anayeitwa Mondo. Mondo anapiga. Hapigi akilewa tu, anapiga hata akiwa ametoka kusali. Mara ya kwanza Klara alikimbilia kwetu, tukamlaza, tukamlisha, kisha akaja mjomba wa Mondo na watu wake wakakaa uani kwa heshima kabisa, wakasema mke akitaka kurudi kwao hakuna neno, warudishiwe mahari. Nguruwe watano wakubwa. Kaupa akasema jambo hilo linahitaji kufikiriwa, na Klara akarudishwa wakati linafikiriwa. Mara ya pili alikuja mkono umefungwa kwa khanga shingoni, mtoto mgongoni.

"Baba Klara," Rosvita alisema, "nguruwe wapo."

"Wapo," alisema Kaupa. "Lakini wana kazi."

Kazi yao ilikuwa kumlipa Bomai, aliyempa Kaupa nguruwe kwenye sherehe fulani zamani, na Kaupa alikuwa hapati usingizi mpaka amrudishie wengi zaidi ili watu waone. Wanaume wakubwa wale, wana mvi, wanashindana kwa nguruwe. Na nguruwe wenyewe nani anawalisha? Sisi. Watatu aliwalea Rosvita, wawili nimewalea mimi, ndani ya nyumba yangu, tangu mama yao alipokufa wakiwa hawajafumbua macho vizuri. Nilikuwa nawatafunia viazi vitamu kwa meno yangu haya. Lakini ukiuliza ni wa nani, utaambiwa ni wa Kaupa, na wawili wengine aliowanunua mwenyewe ndio hao hao utaambiwa tunawalisha vibaya.

Klara alikaa kwetu siku chache, akarudi. Rosvita alimsindikiza mpaka darajani, amembeba mjukuu. Aliporudi hakupita nyumbani, alikwenda moja kwa moja kwenye kahawa akachuma mpaka giza. Nilimchukia Mondo, na Kaupa nilimchukia pia, kisha nikampelekea chakula chake kwa sababu ndivyo tunavyoishi.

Msimu uliofuata akaja Otto. Otto ni kijana wa ushirika kule Goroka, mtoto wa katekista, anavaa viatu vilivyochongoka. Alituita uwanja wa kanisa akasema kuna mzungu wa Melbourne, jina lake Daril, ana duka la kukaanga kahawa, na anatafuta kahawa safi ya kununua kwa bei yake mwenyewe, si ya barabarani. Wanaume walipokuwa wakisikia bei walikuwa mbele. Otto alipoanza kueleza kazi, wakarudi nyuma wakatafune popoo zao, kwa kuwa mambo ya kuchuma na kuosha si mazungumzo ya mtu mzima mwenye kofia.

Sisi tukabaki kusikiliza. Nyekundu tupu. Kumenya siku ileile. Kuanika juu ya kichanja, sio chini. Na kuihifadhi mahali pakavu pasipo na samaki, mafuta ya taa, wala moshi. Neno moshi alilirudia.

"Kahawa inavuta harufu, mama zangu. Ukiiweka na moshi inakuwa moshi."

Nikamtazama Rosvita. Alikuwa hata haandiki kichwani, kwa sababu yote aliyokuwa anayasema Otto yeye alikuwa akiyafanya tangu zamani, na sisi tukimcheka.

"Na huko kwao," mwanamke mmoja akauliza, "wanaiuzaje?"

Otto akakuna kichwa. Akasema kikombe kimoja, kimoja tu, bei yake inazidi tunachopewa barabarani kwa kilo nzima.

"Kikombe kikubwa kiasi gani?" Rosvita akauliza.

Otto akaonyesha kwa vidole. Kilikuwa kidogo.

"Na wanakimaliza?"

"Wengine wanabakiza," alisema Otto, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeona aibu kwa niaba ya wengine.

Jioni hiyo Kaupa alikuja kula kwangu. Rosvita naye akateremka, jambo ambalo si la kawaida, akaketi upande wa pili wa moto. Akamwacha ale kwanza. Kisha akasema:

"Baba Klara, tukimwuzia huyu mzungu, bei ya barabarani uichukue wewe kama siku zote. Ikizidi, kile kitakachozidi kiwe changu."

Kaupa alicheka mpaka kiazi kikamkwama. Nikampa maji.

"Chukua," akasema. "Ziada yote chukua. Tangu lini lori likatoa ziada? Chukua, na mvua ya mwaka kesho pia."

"Asante," alisema Rosvita, akaondoka.

Kaupa alimpa kwa moyo mweupe, nitamtetea kwa hilo. Alimpa kitu alichokuwa na hakika hakipo. Lakini Rosvita alikuwa ameshapiga hesabu. Kwa bei ya barabarani magunia yetu ya msimu hununua nguruwe wawili. Kwa bei ya Daril yangenunua saba. Mtu yeyote anaweza kutoa wawili kwenye saba.

Msimu mzima ule tuliteseka. Nasema tuliteseka kwa kuwa aliniburuta na mimi. Alijenga vichanja kwa mianzi, akavifunika kwa wavu, na mvua ikitishia tulikuwa tunatoka mbio kufunika kahawa wakati nguo zetu wenyewe zinalowa kwenye kamba. Ilipokauka akaitia kwenye magunia mapya na kuyapanga kwenye kibanda karibu na zizi, juu ya mbao, mbali na kila jiko. Otto akachukua kahawa kidogo ya kuonjwa, akaondoka nayo.

Alirudi baada ya wiki kadhaa anakimbia na viatu vyake vile. Daril ameonja. Daril amesema ina asali, na mwishoni ina chungwa. Anainunua yote kwa bei aliyosema, na anakuja mwenyewe.

Rosvita aliketi chini palepale alipokuwa amesimama. Nikadhani ameanguka. Alikuwa anahesabu tu.

Kaupa, kwa upande wake, alivimba kichwa. Alizunguka kijiji kizima. "Kahawa yangu ina chungwa," akawaambia watu. Umeionja? Hapana, sijaionja, lakini ina chungwa. Bomai alimwuliza alipanda michungwa saa ngapi, hawakusemeshana siku mbili. Kisha Kaupa akaja kukitazama kile kibanda. Akazunguka, akagusa ukuta wa mianzi, akatazama zizi, akatikisa kichwa.

"Kitu cha thamani namna hii," akasema, "mnakiweka na nguruwe?"

"Ni pakavu," nilimwambia. Rosvita alikuwa ameondoka, amekwenda ng'ambo ya mto kumwangalia mjukuu aliyekuwa na homa.

"Hata manyoya yangu mabaya siyaweki hapa."

Ndipo alipoita vijana. Kila kitu cha thamani kwa watu wetu kinakaa nyumba ya wanaume, juu darini, penye moshi. Moshi unafukuza wadudu, unafukuza ukungu. Manyoya ya babu yake Kaupa yako pale mpaka leo na yanang'aa. Kwa hiyo walibeba magunia kwa adabu, mmoja baada ya mwingine, wakayapandisha juu kabisa, pale kwenye manyoya. Hakuna kahawa iliyowahi kuheshimiwa hivyo katika nchi hii.

"Baba Klara," nikasema, "Otto alisema moshi hapana."

"Otto hata ndevu hajaota."

"Ndevu zinahusu nini? Kahawa inavuta harufu."

"Dorokas," akaniambia, kwa upole kabisa, kama mtu anayemweleza mtoto, "wewe mambo ya kutunza vitu vya thamani huyajui. Hujawahi kuwa navyo."

Hilo nililimeza. Bado liko humu kifuani.

Rosvita aliporudi akakuta kibanda kitupu. Nilimweleza. Alipanda mpaka kwenye njia ya nyumba ya wanaume, akasimama pale mwanamke anapotakiwa kusimama, akaita. Kaupa akatoka.

"Itoe," alisema Rosvita.

"Iko salama. Iko juu pale penye manyoya."

"Itoe, nakuomba. Itaharibika."

"Ndani ya nyumba hii hakijawahi kuharibika kitu."

"Kaupa!" Alimwita jina, mbele ya shemeji zake. Sijawahi kumsikia akifanya hivyo. "Ni ya Klara ile! Nguruwe wa Klara wako mle!"

Basi hapo ndipo jambo lilipofungwa. Kwa sababu Bomai alikuwa amesimama mlangoni anasikiliza, na mwanamke alikuwa ameamuru kitu kitolewe nyumba ya wanaume, na Kaupa kama angekitoa, watu wangesema kimetolewa na mwanamke. Akarudi ndani. Rosvita alikaa njiani mpaka jua likazama. Simu ya Otto ilikuwa haipatikani, kila tulipojaribu, na moshi ulikuwa unatoka kwenye paa lile taratibu, usiku na mchana, kama kawaida yake.

Daril akaja. Mrefu, mwekundu, mpole, ana kofia mbaya kuliko ya Kaupa. Kaupa alichinja wale nguruwe wawili aliowanunua mwenyewe, tukawapika shimoni kwa mawe ya moto pamoja na viazi na mboga, na watu walijaa, hata mjomba wa Mondo na Mondo mwenyewe, maana wakwe huwezi kuwaacha. Mondo alikula vizuri. Klara hakuletwa. Walisema ana kazi.

Vijana wakatoa magunia, yamevishwa maua. Daril alikuwa anatabasamu. Aliinama kufungua la kwanza, na nikaona tabasamu limebaki pale pale lakini uso umeondoka.

Alikuwa na vifaa vyake, kikaango kidogo, jiko la mafuta na mashine ya kusagia ya mkono. Akakaanga, akasaga, akamimina maji kwenye vikombe. Akachukua kijiko, akafyonza kwa kelele kubwa, kisha akatema.

Huku kwetu mgeni akitema alichopewa, wanaume huanza kutazama mishale iko wapi. Otto akanyanyua mikono juu.

"Tulieni, wazee, ndivyo kazi yake ilivyo! Hata nzuri anatema!"

"Sasa anajuaje?" Bomai akauliza.

Daril akaonja gunia la pili, la tatu, la mwisho. Akamwuliza Otto kwa Kiingereza. Otto akamwuliza Kaupa ilikuwa inakaa wapi. Kaupa akaeleza, kwa sauti ya kusikika na wote, jinsi kahawa ilivyopandishwa mahali pa heshima kuliko pote, ikalala karibu na manyoya ya babu yake, na moto haukuzimika hata siku moja. Otto akafasiri. Maneno yalivyokuwa yanakwenda, Daril alikuwa anachuchumaa pole pole, mpaka akawa ameketi kwenye nyasi, mikono kichwani.

Hakugomba. Angegomba tungejua la kufanya. Alitoa mfuko mdogo, akasema hii ni kahawa ileile, ile aliyopelekewa mwanzo. Akaipika, akampa Rosvita vikombe viwili, cha kwanza cha hiyo, cha pili cha magunia. Rosvita maisha yake yote amekunywa chai. Akaonja cha kwanza.

"Chungu," akasema.

Akaonja cha pili. Alikishika mdomoni muda, akameza, hakutema.

"Hii ni nyumba ya wanaume," akasema, na machozi yakawa yanamtoka, ila sauti haikutetemeka hata kidogo.

Otto akatueleza. Mzungu hawezi kulipa bei yake. Kule watu wake wangeitapika. Lakini hataki tuyabebe magunia mpaka barabarani, kwa hiyo atatoa bei ya barabarani, kwa mizani ya kweli, ichanganywe na nyingine huko mbele. Kaupa alisikiliza, na nikaona mabega yake yakishuka kwa nafuu.

"Si mbaya," akasema. "Bei ya barabarani ndiyo bei yetu." Akanyoosha mkono, akapewa, akatia mfukoni.

"Baba Klara," alisema Rosvita.

Alikuwa amesimama katikati ya uwanja, bado ameshika kikombe.

"Bei ya barabarani ni yako, umeipata. Ziada ilikuwa yangu. Iko wapi?"

"Ziada gani? Hakuna ziada. Umemsikia mzungu."

"Ilikuwepo. Alisema bei yake, alikuja nayo mfukoni kutoka kwao. Ulichofukiza sio kahawa yako. Yako iko mfukoni mwako, haijapungua. Umefukiza yangu peke yake. Mtu akiharibu cha mwenzake analipa. Nilipe."

Watu wakaanza kunong'ona. Jambo la fidia kwetu halichekwi, hata akilidai mwendawazimu atasikilizwa. Lakini mke kumdai mume mbele ya wakwe, hilo hatukuwa tumeliona.

"Nani alisikia nikikupa ziada?" Kaupa akauliza. Akageuka huku na huku, akatabasamu. "Nani?"

Kisha akanikumbuka. Tabasamu likasimama.

"Dorokas. Wewe ulikuwepo. Ulisikia maneno kama hayo?"

Nitakwambia nilichokuwa nawaza, na sikuwaza Klara kwanza. Niliwaza bati. Nyumba yangu inavuja juu ya kitanda, na nguruwe wangu wawili nilikuwa nimeshamwambia Kaupa, naye alikuwa amekubali nusu nusu, kwamba Krismasi mmoja atauzwa Kundiawa aninunulie bati. Wengine wote waliobaki pale zizini ni watatu wa Rosvita. Watatu na wawili. Nikisema nilisikia, nakiona kitakachotokea. Nikisema sikusikia, nitalala pakavu, na Rosvita si ndugu yangu, na miaka yote ile hajawahi kunipa hata chumvi bila kunikumbusha.

Kisha nikamtazama Mondo. Alikuwa analamba mafuta vidoleni, ananisubiri nijibu, ana hamu ya kusikia.

"Nilisikia," nikasema. "Ulisema ziada yote achukue. Ulisema chukua, mara tatu. Ukasema na mvua ya mwaka kesho pia."

"Mara tatu!" alisema Bomai, na sijawahi kumwona mtu ana furaha kiasi kile. Akasogea mbele. "Kaka, si wewe uliyemlipisha mtu mwaka jana kwa sababu mbwa wake alimng'ata nguruwe wako sikio? Sikio tu? Lipa, kaka. Wageni wanatazama."

"Ziada ilikuwa kiasi gani?" mtu akauliza.

"Nguruwe watano," alisema Rosvita.

"Nguruwe ni wangu!" Kaupa akafoka.

"Ndiyo maana unalipa wewe," alisema Bomai.

Kaupa alisimama pale. Alikuwa na njia mbili. Akatae, na kuanzia siku ile kila atakapodai fidia kwa mtu, mtu amkumbushe. Au alipe. Alitazama kofia yake iliyokuwa mkononi. Akamtazama Bomai. Hakunitazama mimi, na mpaka leo ananitazama kwa upande.

"Wafungueni," akasema.

Wakaletwa. Rosvita hakuwapeleka kwake hata hatua moja. Alipokea kamba zote tano, akavuka uwanja, akaziweka mkononi mwa mjomba wa Mondo.

"Mahari yenu. Hesabu."

Mjomba akahesabu, akawabonyeza mgongo mmoja mmoja. Akafika kwa wangu wawili akasema hawa wamelishwa vizuri. Nikatazama pembeni. Mondo akafungua mdomo aseme kitu.

"Nyamaza," mjomba alimwambia. "Umeshalipwa."

Daril, maskini, alikuwa anashangaa nguruwe wanapita mbele yake. Akamwuliza Otto kuna nini. Otto akafikiri kidogo, akamjibu kwa Kiingereza, kisha akatufasiria alichojibu.

"Nimemwambia ni malipo ya kahawa."

Daril akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Kabla ya kuondoka akasema atarudi msimu ujao kwa bei ileile, na tujenge nyumba ya kahawa, isiyowashwa moto, isiyolala mtu. Na pesa ataziweka mkononi mwa yule aliyeosha. Otto akalifasiri hilo mara mbili, akimtazama Kaupa. Bomai akauliza nyumba hiyo itakuwa na bati? Itakuwa na bati, alisema Otto. Nikatazama paa langu kule chini.

Klara alikuja kesho yake na mtoto, na mkoba mmoja wa kamba ambao ndio vitu vyake vyote. Jicho moja lilikuwa limevimba. Rosvita alimtazama juu mpaka chini, akamwuliza, "Umekula?" Akampa kiazi, akampa cha pili, akamlaza kwenye kitanda chake mwenyewe, akafunga mlango.

Miti ya upande wa juu ilikuwa na matunda ya mwisho wa msimu, mekundu, yanaanza kuanguka. Rosvita, ambaye hajawahi kuliacha tunda jekundu lilale mtini, aliketi mbele ya mlango ule asubuhi yote, amempakata mjukuu, na fimbo mkononi ya kufukuzia kuku wasipige kelele. Jua likapanda, likafika utosini. Klara alikuwa bado amelala, na hakuna aliyemwamsha.

Mimi nikachukua mkoba nikapanda kuchuma. Nyekundu tupu.